Uhamisho wa Kipopoo

Chuo cha Uuguzi, Singida
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Nimeliandika mara tatu kwa sababu bado nalionja. Tangu tufunge ndoa mwezi wa Shaabani, kila nikilitamka neno "mume" najikuta nacheka peke yangu, hata darasani mwalimu anapofundisha kusafisha kidonda. Muzdalifa, mwenzangu wa chumbani, anasema nimerogwa. Nimemwambia kama ndiyo uchawi wenyewe, asinitafutie mganga.

Najua huko Maparoni mmeshahama kijijini, mko madunguni, kwenye vibanda vyenu vya juu ya miti, kulinda mpunga, na mtandao haupandi dungu. Ndiyo maana naandika. Barua nampa kondakta wa basi, Dulla ataipokea dukani kwake pale stendi ya Kibiti, ataiteremsha Nyamisati, na Abdulrazaq atakuletea kwa mtumbwi wake. Naionea wivu. Itafika mikononi mwako kabla yangu.

Sasa sikiliza. Jambo letu nimelianza! Juzi nimemwendea mratibu wa taaluma nikamwambia nataka kuhamia chuo cha uuguzi cha Kibiti. Akavua miwani.

"Wenzako wanahangaika kuja mjini, wewe unarudi Kibiti?"

"Mume wangu yuko huko, mwalimu."

"Ndoa ina muda gani?"

"Haijafika hata miezi miwili."

Akacheka mpaka akakohoa. "Njoo Desemba. Utakuwa umepoa."

Sitapoa, Mtoro. Nikiwa Kibiti, kila Ijumaa nikitoka darasani nateremka Nyamisati, na maji yakiwa mazuri jioni niko kwako. Fikiria! Wewe juu ya dungu unafukuza ndege, mimi nimekaa nyuma yako nasoma kitabu cha mishipa na mifupa, nikichoka naisoma kwenye mgongo wako.

Nakupenda mpaka naona haya kuandika, lakini naandika.

Mkeo,
Yasmini


Maparoni, mabondeni
19 Aprili 2025

Kipopoo wangu,

Barua imefika, imelowa pembe moja tu. Nimeisoma juu ya dungu, ndege wakala mpunga wote wa upande wa mtoni. Mama kapiga kelele, "We Mtoro, umeoa au umekufa?" Nikamwambia vyote viwili.

Mwandiko wangu unaujua, kama kuku kapita kwenye tope. Vumilia. Mie na kalamu hatujazoeana kama mie na shoka.

Jina hili la Kipopoo usimwambie huyo Muzdalifa. Ni la chumbani. Kila nikilisema nakuona siku zile za fungate, mama yako akituletea vipopoo, vile vidonge vya unga vya tui la nazi, kila jioni, nawe unanipa bakuli likiwa na mchuzi mtupu, umefumba mdomo, mashavu yamejaa, unaapa kwa macho hujala.

Chuo, hamia. Wakitaka barua ya mwenyekiti au ya mtendaji wa kijiji, niachie mie. Na nina siri, lakini siwezi kukaa nayo: nachonga boriti za chumba chetu, mie na jirani yetu Saadi. Chumba kitakuwa na dirisha la upande wa mashariki upate mwanga wa kusomea.

Njoo upesi. Ndege wamenishinda bila wewe.

Wako,
Mtoro


Singida
Jumapili, 4 Mei 2025

Laazizi wangu wa dirisha la mashariki,

Nimelala na barua yako chini ya mto mpaka wino umehamia kwenye foronya. Hakuna mwanamke Singida nzima anayejengewa dirisha! Usiku nikifumba macho nasikia harufu ya udi shingoni mwako, ile ya usiku wa kwanza, na nakumbuka ulivyonishika kiuno ukaniambia nisiogope, kumbe mwenyewe unatetemeka kama jani. Sikukwambia wakati ule. Pale ndipo nilipokupenda.

Haya, nirudi kwenye shida zetu, maana mratibu amekubali, lakini kwa masharti. Kwanza, chuo cha Kibiti wanataka barua ya mtendaji kwamba wewe ni mkazi wa huko na mimi ni mkeo, na wanataka uipeleke wewe mwenyewe mkononi, kwa kuwa sababu ya kuhama ni wewe. Pili, nisikose darasa wala mtihani mpaka muhula huu uishe. Nikiondoka katikati, hata kwa msiba, uhamisho hakuna.

Tatu ndiyo inanitisha. Kibiti wakinikubali, nitasaini hapa kuiachia nafasi yangu, mwisho Ijumaa tarehe 20 Juni. Nikishasaini, nafasi anapewa mwingine. Siwezi kurudi, hata nikilia hapa mlangoni. Muzdalifa ananiambia, "Unauza chuo cha mjini kwa ajili ya mwanamume aliye juu ya miti." Nimemjibu kwamba huyo aliye juu ya miti ananitosha.

Nitakapokuwa nashika ile kalamu, nataka niwe nimeshika na barua yako. Niandikie, niandikie, niandikie.

Wako wa chumbani na wa ukumbini,
Yasmini


MAPARONI
20 MEI 2025

KWA MKE WANGU YASMINI,

YAHUSU: HALI YA NYUMBANI

TAFADHALI REJEA BARUA YAKO YA TAREHE 4 MEI. NIMEIPOKEA NA YALIYOMO NIMEYAELEWA.

MIMI NI MZIMA. MAMA NI MZIMA. WAZAZI WAKO WALIOKO DUNGU LA JIRANI NI WAZIMA. MPUNGA UNAENDELEA VIZURI ISIPOKUWA NDEGE.

SUALA LA BARUA YA MTENDAJI LINASHUGHULIKIWA. ZINGATIA MASOMO. USIKOSE DARASA KWA SABABU YOYOTE ILE.

NAKUTAKIA KAZI NJEMA.

MUMEO,
MTORO


Singida
28 Mei 2025

Mume wangu,

Barua nimeipata. Nimeigeuza upande wa pili nikidhani labda barua yenyewe iko nyuma. Nyuma hakuna kitu.

Umekasirika? Niambie. Labda nimeandika mambo mengi mno ile mara ya mwisho, yale ya shingo na udi. Kama ni hayo, nitapunguza. Lakini Mtoro, "yahusu hali ya nyumbani"? Na herufi kubwa tupu, kama bango la mkutano wa hadhara! Kuku wako kaenda wapi? Namtaka kuku wangu anayepita kwenye tope.

Nilimsomea Muzdalifa ili acheke, tucheke wote. Hakucheka. Akaniambia, "Kaka yangu alipoanza kumwandikia wifi namna hii, miezi mitatu mbele tulikwenda harusi nyingine." Nimemtupia mto. Lakini usiku ule sikulala vizuri.

Chumba kimefikia wapi? Hukugusia. Boriti na dirisha, vyote hukuvigusia. Nami naogopa kuuliza, lakini nauliza.

Nisamehe kama nasumbua. Mwenzako nimeoa, siyo nimeolewa tu, moyo wangu wote uko huko.

Yasmini wako


MAPARONI
6 JUNI 2025

KWA MKE WANGU YASMINI,

YAHUSU: BARUA YA MTENDAJI

REJEA BARUA YAKO YA TAREHE 28 MEI. SIJAKASIRIKA. NAANDIKA HERUFI KUBWA ILI ZISOMEKE.

BARUA YA MTENDAJI NIMEIPELEKA KIBITI MWENYEWE WIKI ILIYOPITA NA IMEPOKELEWA. CHUO WAMESEMA MAJIBU YATATUMWA MOJA KWA MOJA HUKO.

SUALA LA CHUMBA LIMESIMAMA KWA SASA.

NAKUTAKIA IDI NJEMA YA KUCHINJA. ZINGATIA MASOMO.

MUMEO,
MTORO


Singida
11 Juni 2025

Mtoro,

Chuo cha Kibiti wamenikubali. Mratibu aliniita jana, akanipa mkono, akasema, "Haya, bibi harusi, imebaki saini yako tu." Nilikuwa nimepanga siku hiyo nitaruka. Nilikaa kwenye kiti nikamuuliza kama naweza kusubiri mpaka siku ya mwisho.

Nitakwambia kwa nini.

Nilimpigia Dulla nimwulize kama umepita. Akasema, "Shemeji, alipita hapa wiki nzima imekwisha, kavaa kanzu jua kali, mkono kauingiza ndani kama ana baridi. Nikampa simu akupigie, akakataa. Kasema ana haraka." Nikamwuliza, alikuwa peke yake? Akaanza kucheka cheka. "Aa, shemeji, mimi mtu wa dukani tu." Nikamkazania. Akasema ulikuwa na mwanamke wa nikabu, hakumwona sura. Amekubebea mkoba. Mmepanda gari la kuelekea Mchukwi.

Nilisimama pale uani nimeshika simu mpaka ikazimika yenyewe.

Ulifika Kibiti. Kuna mtandao, kuna simu ya Dulla mbele yako imeshawekwa vocha. Sauti yako tu, hata ya kusema "mpunga unaendelea". Na ukakataa. Na yule anayekubebea mkoba ni nani, Mtoro? Na chumba kimesimama kwa nini? Kinasimamaje chumba ambacho mtu anakijenga kwa mapenzi?

Sitaki kuamini. Nimeoa kwa moyo mweupe, na bado ni mweupe, lakini nikisaini ile karatasi nimefunga mlango wa huku, na huko sijui kama mlango uko wazi. Nikikosea, sitakuwa na chuo wala mume.

Basi nakuomba kitu kimoja. Kuna jina uliniita ndani ya fungate, halijui mtu mwingine chini ya jua. Liandike. Sihitaji maelezo wala kiapo. Neno hilo moja likinifikia kabla ya Ijumaa tarehe 20, nitasaini. Lisiponifikia, nitajua barua hizi haziandikwi na mtu anayenitaka, na nitabaki Singida.

Sina la kuongeza, na wewe unanijua nilivyo na maneno.

Yasmini


Maparoni, dunguni
16 Juni 2025

Mwanangu Yasmini,

Assalaam alaykum. Ni mimi baba yako, Haruni. Usishtuke, hakuna aliyekufa.

Barua zile mbili za herufi kubwa niliziandika mimi. Nilitumia herufi kubwa ili usiutambue mwandiko wangu. Mtindo niliutumia ule wa chama cha ushirika nilipokuwa karani, na nakiri nilidhani ni barua nzuri sana. Nilipoimaliza ile ya kwanza nilimsomea mumeo mara mbili, naye akasema, "Ni safi, baba." Angesema nini tena mbele ya mkwewe?

Mwanzo wa mambo ni huu. Mwishoni mwa Aprili walikuwa ukingoni mwa mto wakichonga boriti za chumba chenu. Mtoro ameshika, Saadi anakata. Shoka likateleza, likapita kwenye mkono wa kulia wa mumeo, likachana vidole vitatu. Simu ilikuwa mfukoni, ikaangukia mtoni pamoja naye. Tulimfunga kwa kanga ya mama yako, Abdulrazaq akapiga kafi bila kupumzika hadi Nyamisati. Hospitali ya Mchukwi walimshona. Daktari anasema vidole vitarudi kufanya kazi, ila polepole, na huenda kimoja kisikunje vizuri.

Kalamu hawezi kushika. Na huku mabondeni vijana wote wanaojua kuandika wako kijijini shuleni, mama yake anasoma msahafu tu. Nimebaki mimi. Ilipofika ile barua yako ya masharti, iliyosema ukiondoka katikati ya muhula uhamisho hakuna, akaniapisha nisikwambie. Akasema, "Baba, huyu ukimwambia nimejikwaruza tu, atapanda basi. Mwache amalize." Niliona amesema kweli, maana nakujua tangu u mtoto. Kibiti hakukupigia kwa sababu anasema ungeisikia sauti ukaelewa. Mkono ulikuwa umefungwa, ndiyo sababu ya kanzu. Na huyo mwanamke wa nikabu ni shangazi yako Biasha, nilimtuma ambebee mkoba na kumsindikiza hospitali kubadili bandeji. Dulla nitakuja kusema naye.

Sasa, mwanangu, barua zako zote tangu ile ya Mei nimemsomea mimi, maana mkono wake mmoja umefungwa na wa pili umeshika kamba za kufukuzia ndege. Nasema bila kukulaumu. Penye udi nilikohoa nikaruka mistari minne. Yeye alikuwa anatazama ndege. Hakuna ndege aliyewahi kutazamwa namna ile.

Hii ya mwisho nilimsomea yote, sikuruka. Nilipofika pale unapodai jina, nikaishusha karatasi. Akaniuliza, "Anataka nini, baba?" Nikasema, "Neno. Anasema unalijua." Akateremka ngazi. Alikaa chini huko katikati ya mpunga mpaka ndege wakaanza kutua karibu yake kama wanamfariji. Alipopanda akaomba kalamu. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Karatasi ya kwanza ilitoboka, ya pili ilichanika. Imebaki hii ninayoandikia, na karatasi nyingine iko kijijini, na maji haya yamekufa, bahari haijai, mito imekauka, nani atakwenda na kurudi kabla ya Ijumaa yako?

Nikamwambia, "Mwanangu, sema, mimi niandike."

Akasema, "Baba, siwezi."

"Basi abaki Singida."

Akageuka, akanipa mgongo, akatazama mtoni. Akasema, "Baba, nawe geuka."

"Nikigeuka nitaandikaje?"

"Basi fumba macho nikisema."

Nikafumba. Umri huu, juu ya dungu, nimefumba macho kama mtoto anayecheza kibe. Akalisema. Sauti ilikuwa ndogo kama ya mtu anayekiri kuiba kuku. Nikamwambia sikusikia. Wallahi sikusikia, sikumfanyia mzaha. Ikabidi alirudie kwa nguvu, na mama yako aliyekuwa chini anatwanga akaacha mchi, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema sasa ndiyo anajua vile vya fungate nani alikuwa akivimaliza.

Haya yanayofuata ni yake. Sikuongeza wala kupunguza, wala sikuweka "rejea".

Kipopoo wangu. Chumba kimesimama kwa sababu ya mkono, si kwa sababu ya moyo. Dirisha liko palepale mashariki. Saini. Lakini usije kabla ya muhula kwisha, nitakasirika kweli. Ukija, bandeji utafungua wewe. Wengine wote hospitali wananiumiza. Kipopoo. Nimelisema tena ili uwe na uhakika.

Nakiri, mwanangu, nilipoandika jina hilo mara ya mwisho nililiandika polepole, lisomeke. Siku uliyoolewa nilimpa mtu huyu binti yangu kwa sababu ni mchapakazi na anasali. Leo ndiyo nimejua nilimpa nani.

Abdulrazaq anaondoka sasa hivi. Ataburuta mtumbwi kwenye tope pale maji yatakapokuwa haba. Nimemwagiza amwambie Dulla aitie kwenye basi la kwanza, na amwapishe kwa niaba yangu asiifungue akusomee kwa simu, kwa maana yaliyomo hayafai kusikika dukani.

Baba yako,
Haruni


Singida
Ijumaa, 20 Juni 2025

KWA MUME WANGU MTORO,

YAHUSU: UHAMISHO

Tafadhali rejea barua yenu ya tarehe 16 Juni. Nimeipokea leo asubuhi stendi na yaliyomo nimeyaelewa. Niliyaelewa nikiwa nimekaa juu ya gunia la vitunguu la mtu. Muzdalifa alikuwa amenisindikiza. Alidhani ni msiba, akaanza kunifunika kanga. Nikampa asome. Akasoma mpaka penye kufumba macho, akaninyang'anya leso yangu mwenyewe.

Dulla alikuwa amenipigia jana kuniambia barua iko njiani. Nilimsihi aifungue, nikamwita kaka, nikamwita baba. Akasema, "Shemeji, mzee kaniapisha kwa msahafu, niache." Usiku huo ulikuwa mrefu.

Mratibu alikuwa anafunga ofisi aende chakula. Akanitazama macho yalivyovimba, akasema, "Kwa hiyo umepoa?" Nikachukua kalamu mezani kwake bila kuomba.

Nimesaini.

Muhula unaisha mwezi ujao. Sitaondoka kabla, ingawa tangu asubuhi miguu inaelekea stendi yenyewe. Mtihani wa kwanza ni wa kuhudumia vidonda, na safari hii nitausoma kama sijawahi kusoma kitu. Bandeji asiiguse mtu mwingine kama inaweza kusubiri. Mkono uinuliwe usilale chini. Vidole avichezeshe polepole asubuhi na jioni, hata kama vinauma, hata hicho kisichokunja. Mama asimkataze.

Kwa baba yangu: nisamehe kwa ile mistari minne. Nakushukuru kwa kufumba macho.

Mengine yaliyobaki ni mengi, tena si ya adabu, nami najua anayesoma ni nani. Kwa hiyo baba, ukifika hapa kohoa kidogo, kisha mpe karatasi aishike mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Nusu ya ukurasa iliyobaki chini nimeiacha wazi makusudi. Yeye atajua imeandikwa nini.

Nakutakia kazi njema,

Mkeo,
Yasmini